Nyimbo Tatu Iko Albamu?

Kwenye kilio cha Papa Kabange, mwenye ile redio ndogo ya Kampemba, mtu alinishika bega kutoka nyuma akaninong'oneza sikioni, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuonekana na huzuni: "Ngoie, Ba Soksi banakupatia pole." Nilicheka. Nilicheka kweli, kwaya ikiimba na wajukuu wa marehemu wakinitazama, ikabidi nijifunike uso kwa kitambaa. Mama mmoja akadhani nimezidiwa na machozi akaniletea maji. Aliyekuwa nyuma yangu ni Kavira. Amenenepa, amevaa miwani, ana mvi upande mmoja tu kana kwamba alipita chini ya mtu anayepaka chokaa. Alikuwa amefika kutoka Butembo kwa safari ndefu, pamoja na binti yake, kwa ajili ya mazishi ya mzee ambaye hakuwa ndugu yake wala jirani yake. Tulikaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, tukala bukari, ule ugali wetu, na sombe ya kilio, majani ya muhogo, na binti akauliza: "Mama, Ba Soksi ni banani?" Tukaangaliana. Hakuna kati yetu aliyejua aanzie wapi. Nimerudi nyumbani na swali lile, na sura hii ni jibu langu kwa yule binti, kwa sababu siku ile nilishindwa.

Mwaka ninaousema ni ule bei ya shaba ilipoanguka. Ambaye hakuwa Lubumbashi hawezi kuelewa jinsi bei inavyoweza kuanguka juu ya mji kama paa. Fonderi za kuyeyusha shaba za barabara ya Likasi zilizima tanuri moja baada ya nyingine. Wasimamizi wageni waliondoka asubuhi, na jioni mageti yalikuwa wazi, mbwa wao wakizunguka bila kujua wamwangalie nani. Malori yalisimama. Vijana waliokuwa wakichimba madini walirudi mjini na buti za mpira, wakakaa mbele ya nyumba za mama zao. Watu waliulizana habari za shaba kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa aliyelazwa. "Cuivre iko namna gani leo?" "Ingali inashuka." Basi walitikisa kichwa. Kaka yangu Serge, niliyemwita yaya, alikuwa akiuza magari yaliyotumika yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam, na uwanja wake ulijaa magari yasiyo na mnunuzi mpaka majani yakaota kati ya magurudumu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikiongea na watu wa umri wangu kuhusu mwaka ule, wanakumbuka njaa na aibu, nami nayakumbuka pia. Lakini nikiamka asubuhi na kumbukumbu yake, kabla sijapata muda wa kuipanga, kinachonijia ni furaha ya kukimbia.

Kukimbia kwenda mtaa wa Hewa Bora, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Baba yake Kavira, Papa Kambale, alikuwa na depo ya jumla huko: vitenge, mabeseni, viatu vya plastiki. Nyuma ya depo kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya kitambaa kipya na dawa ya nondo, na ndani yake kompyuta moja na marobota ya vitenge tuliyokalia kama makochi, mimi, Kavira na wenzetu wachache. Mama yake alituletea chai ya maziwa na viazi vilivyochemshwa, akituhurumia kwa jinsi tulivyojifunza sana. Papa Kambale, mzee wa kanisa, mtu mkubwa mwenye maneno machache, aliamini kuwa binti yake anatufundisha kompyuta. Kupitia ukutani tulimsikia akiomba na madereva wake, akimtaja Mungu na barabara ya Kasumbalesa katika sentensi moja. Upande wetu wa ukuta, sauti ikiwa chini kabisa, wasichana wa Seoul walikuwa wakiimba.

Diski za Korea zilikuja na bidhaa. Mtu aliyemnunulia Papa Kambale mali huko Guangzhou alikuwa na moyo wa kumpenda Kavira, au wa kutaka kumwoa, hatukujua, na katika kila kontena alificha sanduku moja au mawili: mazito, yenye kitabu cha picha, bango lililokunjwa, wakati mwingine kadi. Diski za Japani zilikuwa zangu, na zilikuja kwa njia nzuri zaidi. Zilikuwa ndani ya magari. Mtu wa Osaka au wa Nagoya aliuza gari lake akasahau kutoa diski kwenye redio, gari likavuka bahari na Tanzania na Zambia, na Serge alipowasha ufunguo uwanjani kwake, mwanamume asiyemjua akaanza kuimba. Serge hakuzitaka. "Kuya uchukue muzungu wako," alinipigia simu akisema. Kwake kila asiyekuwa mweusi alikuwa muzungu. Hakuna kati yetu aliyeweza kusoma maandishi yale, kwa hiyo waimbaji wote tuliwapa majina wenyewe. Kundi la wasichana waliovaa soksi ndefu za rangi tuliwaita Ba Soksi. Wanaume watano wa Kijapani wenye nywele zilizosimama kama brashi walikuwa Ba Brosse. Sikumbuki siku niliyojua majina yao ya kweli, na siku hiyo haikubadilisha kitu.

Ugomvi ulianza na mpango wa rafu. Kavira alikuwa ameleta ubao wa kupanga diski zetu zote, na alitaka albamu juu na single chini. Akaweka juu sanduku jipya la Ba Soksi. Nililichukua nikaligeuza.

"Kavira, hii iko na nyimbo tatu."

"Ndiyo."

"Nyimbo tatu iko albamu? Hata muntu wa kunyoa anamaliza kuisikiliza mbele ya kunyoa kichwa kimoja."

"Ni albamu sababu bao benyewe baliandika albamu. Uko na macho, angalia."

"Na miye nikiandika camion ku brouette yangu, itakuwa camion?"

Wengine waliokuwa juu ya marobota walilicheka toroli langu linalojiita lori, na Kavira akawa mwekundu kwenye masikio. Wiki iliyofuata alirudi kutoka kwenye saiba ya intaneti akiwa amesoma majukwaa ya Wafaransa wanaopenda mambo hayo, na alikuwa na silaha. Kule Korea, alisema, kila diski inayotoka inahesabiwa kwenye orodha moja, na orodha hiyo ni ya albamu. Ikiwa na nyimbo mbili au tatu inaitwa single-albamu. Ikiwa na tano au sita ni mini-albamu. Kubwa kamili ina jina lake. Na wakiongeza wimbo mmoja au mbili juu ya ile kubwa wanabadilisha picha wanaiuza tena kwa jina jipya. Mimi pia nilikuwa nimesoma. Kule Japani single ina orodha yake na albamu ina orodha yake, wala hazikai meza moja. Single inabeba wimbo mkubwa, wimbo wa pili wa kuusindikiza, halafu zile zile tena bila sauti ya mwimbaji, ili mtu aimbe mwenyewe nyumbani. Ndogo ya nyimbo tano au sita, hiyo ndiyo wanaipandisha kwenye albamu. "Kwa hiyo diski moja ikivuka bahari inabadilisha jina?" aliuliza mmoja wetu. Ndiyo, ilibadilisha, na jambo hilo lilitusisimua kuliko kitu chochote shule ilichowahi kutupa. Leo nadhani najua kwa nini. Kila kitu karibu nasi kilikuwa kikipoteza jina: mfanyakazi hakuwa tena mfanyakazi, lori halikuwa tena lori bali chuma kilichoegeshwa. Kugombania jina la kitu, kwa sauti kubwa, ukiwa na hakika kwamba kuna jina sahihi, kulikuwa kama kula nyama.

Redio tuliipata kabla bei haijaanguka, Papa Kabange alipotupatia saa nzima ya Jumamosi alasiri kwa sababu alichoka kupiga rumba ile ile. Studio yake ilikuwa chumba cha nyumba yake, kuta zimebandikwa trei za mayai zisizo na mayai. Mkewe alipika upande wa pili wa mlango, kwa hiyo wasikilizaji wetu wa mwanzo walituzoea pamoja na sauti ya mafuta yanayokaanga tukapenta, vile vidagaa vyetu. Kavira alitumia jina lingine hewani, ili baba yake asijue. Mvua zilipokolea na matangazo ya fonderi, yaliyokuwa yakilipia mafuta ya jenereta, yalipokwisha, mzee alituita.

"Batoto bangu," alisema, akivua kofia yake kama mtu aliyeleta habari za msiba, "fonderi njo zilikuwa zinalipa mazout ya groupe. Sasa kuko pasta moja anaomba ile saa yenu. Miye sina maneno na Mungu. Lakini minapenda nione kama kweli kuko bantu banabasikiliza."

"Tufanye nini, Papa?" nikauliza.

Aliturudishia ugomvi wetu wenyewe, kwani alikuwa ameusikia mara nyingi kupitia mlango. Jumamosi ijayo, pande mbili, Korea na Japani. Kila upande unaleta albamu yake ya mwaka, na kwetu diski ilizaliwa siku ilipofika Lubumbashi. Wasikilizaji wapige simu. Simu zikinyamaza, saa ni ya pasta. Zikilia, upande unaoshinda ndio utakaoongoza kipindi. "Albamu," alisisitiza, kidole juu. "Haiko single. Albamu." Nilimtazama Kavira, naye alikuwa ameshanitazama. Wote tulijua ataleta nini.

Wiki ile hatukuongea. Chumba cha depo kilikuwa na pande mbili za marobota. Nami Alhamisi, uwanjani kwa Serge, niliingia ndani ya gari dogo jeupe lililofika mwisho kabla ya malori kusimama, nikabonyeza kitufe, diski ikatoka. Juu yake walikuwa Ba Soksi. Wale wale, soksi zile zile, ila maandishi yalikuwa ya Kijapani, na pembeni, kwa herufi tulizoweza kusoma sote, palikuwa na neno single. Nilipiga kelele hadi Serge akadhani nimeumwa na nyoka.

Jumamosi ilikuja na joto lile la kabla ya mvua. Nilianza mimi, nikapiga nyimbo nne za Ba Brosse kutoka albamu yao ndefu, na simu ya kwanza ilipolia Papa Kabange alipiga meza kwa kiganja. Walipiga kutoka Katuba, kutoka mtaa wetu wa Kenya, kutoka Kamalondo. Mama mmoja wa sokoni alisema: "Kama minaweka mikate tatu ku sahani, haiko sahani ya mikate? Mutoto wa Korea iko na haki." Kijana mmoja alijibu kwamba mikate mitatu ni kifungua kinywa, si karamu. Mwingine hakutaka kupiga kura, alitaka tu kusema kwamba hajaongea na mtu tangu fonderi ifungwe na kwamba Ba Brosse wanafaa kusuka nywele. Kisha nikatoa diski yangu ya kwenye gari, nikaisogeza mbele ya Kavira, nikasema kwenye mikro: "Bantu ba Lubumbashi, hawa Ba Soksi benyewe, ku Japani, kwa wimbo ule ule, baliandika single. Single! Albamu yake iko wapi?"

Kavira aliigeuza diski ile polepole. Kwa sekunde chache niliogopa kwamba nimemshinda kweli. Kisha akasogea kwenye mikro.

"Ku kanisa banakuita Clarisse," alisema. "Ku nyumba banakuita Ngoie. Yaya yako anakuita namna yake. Uko batu bangapi?"

Papa Kabange alicheka mpaka akakohoa, na simu zilipandana. Kavira akaweka sanduku lake. Wimbo wa kwanza ulipita, ule wa kuruka. Wa pili ulipita, na nilisikia mke wa mzee akiupigia makofi na kijiko jikoni. Kabla ya wa tatu, umeme ukakatika. Groupe, ile jenereta iliyokaa nyuma ya nyumba, ilivutwa, ikakohoa, ikanguruma kidogo, ikafa. Tangi lilikuwa kavu. Tulikaa gizani kati ya trei za mayai, jasho likitutoka, na Papa Kabange akasema kwa sauti ndogo: "Njo mwisho, batoto."

Ndipo tuliposikia geti. Kwanza nilidhani ni mvua. Walikuwa watu: wa mtaa wetu, halafu wa mtaa wa pili, wenye redio za betri mikononi, vijana wa buti za mpira, mama mwenye mtoto mgongoni, wanaume ambao kwa miezi hawakuwa na mahali pa kwenda wakiwa na haraka. Papa Kabange alitoka akainua mikono.

"Courant imeenda!"

"Tunajua! Ya tatu iko wapi?"

"Nimesema courant..."

"Mulisema iko tatu!" alipiga kelele yule mama. "Tulisikia mbili. Moja yetu iko wapi?"

Nilisimama mlangoni, na hoja zangu zote nilizozitafuta saiba zilinitoka. Hakuna anayetoka nyumbani kwake kwenye joto kudai mkia wa single. Watu hawa walikuwa wamekatwa kitu kilichokuwa kizima. Na mimi, niliyeujua wimbo wa tatu kwa moyo, nilijikuta nikipiga kelele pamoja nao, nikimwambia Kavira: "Ya tatu! Wapatie ya tatu!" Naye alikuwa akicheka na kuruka pale pale, hadi alipoona kitu nyuma ya watu, akanishika mkono kwa kucha.

Papa Kambale alikuwa anaingia getini. Watu walimpisha kwa sababu ya ukubwa wake. Mkononi alibeba bidoni la njano, dumu la mafuta.

"Kavira," alisema.

"Papa."

"Uliniambia munajifunza ordinateur."

"Ndiyo, Papa."

"Nayo ni hii?"

Mzee yule aliitazama nyumba, akatazama umati, akamtazama binti yake, ambaye sauti yake alikuwa ameisikia kutoka redio ya jikoni kwake, na jina la uongo halikumdanganya hata kidogo. Aliweka bidoni chini.

"Camion yangu imesimama," akamwambia Papa Kabange. "Mazout yake inalala bure. Weka, batoto bamalize kazi. Mama yake amebaki ku redio, amekataa kupika mpaka asikie ya tatu." Kisha akamgeukia Kavira. "Kesho kisha kanisa, wewe na mimi tutaongea."

Wimbo wa tatu ulikuwa wa polepole. Nilikuwa nimesahau kuwaonya. Baada ya zile mbili za kuruka, watu walikuwa wamejiandaa kucheza, na badala yake ikaja piano, na msichana mmoja peke yake, na vidole vinavyopigwa kwa mbali. Papa Kabange alikuwa amefungua mlango na madirisha, spika ikatolewa nje. Hakuna aliyeondoka. Walisimama, kisha wakaanza kuyumba, kijana mmoja wa buti za mpira akiwa amefumba macho, na Papa Kambale katikati yao, mikono nyuma kama kanisani, akihesabu mapigo kwa ncha ya kiatu. Ulipokwisha waliomba urudiwe. Tuliurudia mpaka mafuta yakaisha tena.

Pasta alipewa asubuhi za Jumapili. Jumamosi ilibaki yetu, sisi wawili, kwa kuwa Papa Kabange alisema kura zimepotea gizani na yeye si mtu wa kugawa marafiki. Kavira alizungumza na baba yake siku ile baada ya kanisa na akarudi na macho mekundu, na ruhusa, na sharti la kutumia jina lake la kweli. Katika miezi iliyofuata tulitunga mpango wetu wenyewe wa diski, wa Lubumbashi, usiokuwa wa Seoul wala wa Tokyo: diski inayokwisha kabla umeme haujakatika ni ya courant moja, inayokatwa katikati ni ya courant mbili, na iliyotuchukua Jumamosi nzima tuliiita ya mazout. Nilimsikia mwanamume asiyenijua akimwambia mwenzake barabarani kwamba ndoa ya mtu fulani ilikuwa ya courant moja, nikakimbia mpaka Hewa Bora kumwambia Kavira.

Shaba haikupona haraka. Serge aliyauza magari yake kwa hasara akaenda kufanya kazi mpakani. Kiangazi kilipofika na vumbi jekundu kukaa juu ya kila kitu, Papa Kambale alifunga depo. Walikuwa wanarudi Butembo. Aliniambia mwenyewe, amesimama kati ya marobota yaliyobaki, na akaniomba radhi, mzee yule, kana kwamba alikuwa akiniondolea kiti.

Jumamosi ya mwisho tulikuwa tumekubaliana kutoaga hewani, kwa sababu tungelia na saa ingepotea. Tulifanya kipindi kama kawaida, tukacheka, tukapiga Ba Brosse mpaka mke wa mzee akalalamika. Zamu ya Kavira ilipofika alichukua sanduku la Ba Soksi, akalishika dakika nzima bila kulifungua. Kisha akasogea kwenye mikro, akinitazama mimi na si kitu kingine.

"Bantu ba Lubumbashi," alisema, "sasa munasikia single ya nyimbo tatu."

Nilivuta mikro upande wangu.

"Albamu, Kavira," nikasema. "Iko albamu."

Nilibonyeza kitufe. Wimbo haukuwa umefika kwenye kiitikio na simu zote za Papa Kabange zilikuwa zinalia pamoja: Katuba, Kenya, Kamalondo, mji mzima ulikuwa umekasirika nasi, kila mmoja kwa sababu yake, na sisi wawili tulikuwa tukinyang'anyana simu ili tujue nani atajibu kwanza.